Mwalimu Nyerere na Miiko ya Viongozi

1. Ushuru wa sokoni

Kariakoo ni mtaa maarufu katika jiji la Dar es Salaam. Jina lake lilitokana na wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi ili wawachukulie mizigo ya jeshi. Kikosi cha wapagazi hao kilikuwa na jina la Kiingereza. Watu wa Dar es Salaam walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Katika mtaa huo liko soko kubwa. Mazao hutoka mikoa mingi: mchele, viazi, vitunguu, machungwa na ndizi. Anayeuza sokoni hulipa ushuru. Akilipa hupewa stakabadhi. Asipopewa, ana haki ya kuidai.

Lakini stakabadhi ni mwanzo tu wa mambo. Fedha ile inakwenda wapi? Nani anaamua itumike kwa kazi gani? Na huyo anayeamua, nani anamwuliza?

Ndugu msomaji, maswali haya si ya Kariakoo peke yake. Hata kijijini kwako kuna gulio, kuna mnada, kuna michango ya shule na zahanati. Kila penye fedha ya watu wengi pana watu wachache wanaoishika. Hao ndio viongozi wetu: mwenyekiti, mtendaji, diwani.

Katika nchi yetu mtu mmoja alisumbuka sana na maswali haya. Alijaribu kuyajibu kwa sheria, na pia kwa mwenendo wake. Mara nyingine alifaulu, na mara nyingine alikosea. Mtu huyo ni Julius Kambarage Nyerere, ambaye watu walimwita Mwalimu. Hebu tusome maisha yake.

2. Kijana wa Butiama

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922, huko Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12. Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma. Mwaka 1937 alikwenda shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1943 aliingia Makerere, nchi ya Uganda, akasomea ualimu. Aliporudi alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, Uingereza. Alirudi nyumbani mwaka 1952 akiwa na shahada.

Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel. Mwaka huo alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Pugu iko nje ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini.

3. Mwalimu anaacha mshahara

Siku ambazo hakuwa na kazi ya shule, Mwalimu alikuja mjini kukutana na wenzake. Walikuwa na chama chao, kilichoitwa TAA. Tarehe 17 Aprili, 1953, wanachama walikutana katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja. Hapo ni karibu sana na Kariakoo. Wakamchagua Nyerere kuwa rais wa chama.

Tarehe 7 Julai, 1954, chama hicho kiligeuzwa kikawa TANU. Mkutano ulifanyika katika nyumba moja pembeni mwa Kariakoo. Barabara iliyopita mbele ya nyumba hiyo sasa inaitwa Lumumba.

Mwezi wa Machi, 1955, Mwalimu alikwenda New York kwenye Umoja wa Mataifa. Alikwenda kueleza madai ya watu wa Tanganyika. Wanachama walichanga fedha ili apate kusafiri.

Aliporudi, ilimbidi achague jambo moja: kazi ya ualimu au siasa. Hakuweza kushika yote mawili. Mwalimu aliacha kazi. Siku ile aliacha pia mshahara, na tayari alikuwa na mke na watoto.

Alipokewa na Abdulwahid Sykes nyumbani kwake Kariakoo. Sykes alikuwa mmoja wa viongozi wa TANU, naye alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Baadaye Mwalimu alihamia Magomeni.

TANU haikuwa na tajiri wa kuilisha. Iliendeshwa kwa ada na michango. Mpagazi alitoa senti zake, mama muuza vitumbua alitoa zake, mkulima naye alitoa zake. Kiongozi anayelishwa na fedha za namna hiyo ana deni. Hawezi kusema kwamba matumizi yake ni siri yake.

4. Kesi ya mwaka 1958

Zamani za ukoloni, wilaya iliongozwa na mkuu wa wilaya Mzungu. Wananchi hawakumchagua. Aliteuliwa na serikali ya Gavana, na aliwajibika kwa serikali hiyo. Akifanya vibaya, mwananchi hakuwa na mahali pa kumwuliza.

Mwaka 1958 Nyerere aliandika katika gazeti dogo la TANU. Aliwalaumu wakuu wawili wa wilaya kwa jinsi walivyowatendea wananchi. Serikali ikamshitaki kwa kuwakashifu. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, na watu wengi walikuja kuifuatilia.

Hakimu alimwona ana hatia. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000, au aende gerezani miezi sita. Mwalimu alilipa faini. Wananchi walimchangia.

Wakati huo kumwuliza mtawala juu ya mwenendo wake lilikuwa kosa. Watu walitaka Uhuru ili, pamoja na mambo mengine, wapate haki ya kuuliza.

5. Uhuru, na hatari mpya

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Lakini mwezi wa Januari, 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu. Alizunguka nchini akiimarisha chama na kuzungumza na watu. Tarehe 9 Desemba, 1962, alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Nchi ilianza kujenga uongozi wa chini. Machifu waliondolewa katika utawala. Mabaraza ya madiwani yalichaguliwa. Mitaani na vijijini nyumba kumi ziliwekwa pamoja na kuwa na balozi wao. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, mawaziri wawili walishindwa na wakaondoka. Watu waliona kwamba kura inaweza kumwondoa hata mkubwa.

Lakini hatari mpya ilikuwa imekwisha kuingia. Viongozi wengine walianza kujitajirisha kwa haraka. Wengine walipata mishahara miwili au mitatu. Wengine walijenga nyumba kwa mikopo wakazipangisha. Wengine walikuwa wakurugenzi katika kampuni za watu binafsi. Mkoloni alikuwa ameondoka, lakini kiti chake kilikuwa bado chatamaniwa.

Mwezi wa Oktoba, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam. Walikuwa wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamika kwamba wao wanakatwa mishahara huku wakubwa wanakula. Mwalimu alikasirika. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao.

Hata hivyo, neno lao juu ya mishahara ya wakubwa halikumtoka moyoni. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja katika tano. Maana yake, kama mtu alikuwa akipata shilingi tano, sasa anabaki na shilingi nne. Mishahara ya viongozi wengine wa juu nayo ilipunguzwa.

6. Miiko mitano

Mwishoni mwa Januari, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha. Tarehe 5 Februari, 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa. Watu wengi hukumbuka kwamba Azimio lilifanya mabenki na viwanda kuwa mali ya umma. Lakini Azimio lilikuwa pia na sehemu juu ya viongozi. Sehemu hiyo iliweka miiko mitano.

Kwanza, kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asishiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila.
Pili, kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote.
Tatu, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya watu binafsi.
Nne, asipokee mishahara miwili au zaidi.
Tano, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Nani alikuwa kiongozi kwa maana ya Azimio? Si Rais na mawaziri tu. Madiwani nao walitajwa. Tena ilisemwa kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe au mumewe. Hivyo mtu hakuweza kuiandika nyumba kwa jina la mkewe na kusema kwamba yeye hana kitu.

Mwalimu alianza nyumbani kwake. Mama Maria alikuwa na mradi wa kufuga kuku. Aliachana nao.

Kwa nini diwani mdogo awekewe miiko sawa na waziri? Fikiri hivi. Baraza linakutana kuamua kodi ya majengo. Diwani mmoja ana nyumba nne za kupangisha. Je, atapiga kura kwa faida ya nani: mpangaji, baraza au yeye mwenyewe? Au fikiri baraza linatafuta mtu wa kutengeneza barabara ya kwenda sokoni. Diwani ana hisa katika kampuni inayoomba kazi hiyo. Hata kama ni mtu mwema, moyo wake umegawanyika. Mtumishi wa mabwana wawili, mmoja atamdhulumu. Mara nyingi anayedhulumiwa ni yule asiyekuwapo kikaoni, yaani mwananchi.

7. Bibi Titi anaondoka

Miiko ile haikuwa rahisi kwa kila mtu. Hapa inafaa tumkumbuke Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alikuwa mtoto wa Dar es Salaam. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa TANU tangu mwaka 1955. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaita akina mama wajiunge na chama. Bila yeye, TANU isingepata wanachama wanawake wengi kwa haraka vile. Alikuwa shujaa wa Uhuru.

Mwaka 1967 Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Katika mji kama Dar es Salaam, nyumba ya kupangisha ilikuwa akiba ya mtu. Mjane alipangisha vyumba viwili akasomesha watoto. Mzee asiye na pensheni alikula kodi ya chumba. Bibi Titi hakuona kosa katika kupata riziki ya namna hiyo. Hakukubali kuacha nyumba zake. Akajiuzulu katika Halmashauri Kuu.

Je, nani alikuwa na haki? Wengine husema Bibi Titi alionewa, kwa kuwa nyumba zake hazikuwa za wizi. Wengine husema sheria haikumwita mwizi. Ilimpa nafasi ya kuchagua, naye akachagua. Jambo hili lazungumzwa mpaka leo. Lakini tunaweza kuona kwamba miiko ilikuwa na uzito. Haikuwa maneno ya kubandikwa ukutani tu. Iligusa mifuko ya watu, tena ya watu wakubwa na wapenzi wa wananchi.

Leo barabara moja kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina la Bibi Titi Mohamed.

8. Mabaraza yanavunjwa

Sasa tufike penye kosa.

Baada ya Uhuru mabaraza ya wilaya na ya miji yalikuwa na kazi nyingi. Yalisimamia shule za msingi, zahanati, barabara ndogo na masoko. Lakini fedha zao zilikuwa kidogo. Karibu na mwaka 1970 kodi ya kichwa na ushuru wa mazao viliondolewa, na mabaraza yakazidi kukosa mapato. Mengine yalikuwa na uongozi mbovu. Hesabu zao hazikuwekwa vizuri.

Serikali ilitaka kuleta maendeleo haraka. Mwaka 1972 ulianza utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani. Mabaraza ya wilaya yalivunjwa. Baadaye yalivunjwa mabaraza ya miji, na Baraza la Jiji la Dar es Salaam nalo likavunjwa. Jiji liligawanywa katika wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kariakoo ikawa katika Ilala.

Nia ilikuwa njema. Maofisa wa serikali walipelekwa mikoani na wilayani ili wawe karibu na watu. Lakini angalia jambo moja. Ofisa aliyeletwa kutoka juu huwajibika juu. Mshahara wake unatoka juu, na uhamisho wake unatoka juu. Mwananchi hakumpigia kura, wala hawezi kumnyima kura. Bila kukusudia, nchi ilirudi kidogo kwenye hali ya mkuu wa wilaya wa zamani.

Kazi nyingine ziliendelea. Soko jipya la Kariakoo lilijengwa wakati huo. Mchoraji wake alikuwa Beda Amuli, Mtanzania. Mwalimu mwenyewe alilifungua mwezi wa Desemba, 1975. Ni jengo kubwa, na paa lake limefanana na miavuli.

Lakini katika miji mingi huduma zilidhoofika. Takataka hazikuzolewa. Mifereji iliziba. Barabara zilijaa mashimo. Watu walinung'unika, lakini hawakujua wamnung'unikie nani. Zamani mtu alikwenda kwa diwani wake. Sasa diwani hakuwapo.

Miiko ilikuwa bado ipo. Iliandikwa vizuri na kila kiongozi aliijua. Lakini miiko hushikwa na kiongozi anayetazamwa. Palipoondolewa baraza, paliondolewa pia jicho la mwananchi.

9. Kukiri kosa

Tatizo lilionekana mapema mijini. Mwaka 1978 sheria ilipitishwa ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za serikali za mitaa, za wilaya na za miji. Mwaka 1984 mabaraza ya wilaya yalianza kazi tena.

Katika mwaka huo wa 1984 Mwalimu alifanya jambo ambalo watawala wengi hawalifanyi. Alihojiwa na jarida la nje. Akakiri kwamba serikali yake ilifanya makosa. Alitaja mawili: kuvunja mabaraza ya serikali za mitaa, na kuvunja vyama vikuu vya ushirika. Hakumsingizia waziri. Hakumsingizia mvua wala vita. Alikuwa bado Rais, na hakuna aliyeweza kumlazimisha aseme hivyo.

Kukiri huko hakukuzoa takataka zote, wala hakukurudisha miaka iliyopotea. Lakini kuna faida yake. Kiongozi anayekiri kosa anawafundisha walio chini yake kwamba kosa linaweza kusemwa. Mwenyekiti wa kijiji akipoteza fedha za mchango, njia ya kwanza ni kusimama mbele ya watu na kueleza. Akificha, kosa moja linazaa la pili.

10. Miaka ya mwisho

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake. Mwaka 1990 aliacha pia uenyekiti wa CCM. Aliishi Butiama akilima.

Mwezi wa Februari, 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar. Iliamua kulegeza miiko. Tangu hapo kiongozi aliweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, na kupata zaidi ya mshahara mmoja. Wengi waliona miiko ya zamani ilikuwa mikali mno, na nyakati zilikuwa zimebadilika. Mwalimu hakufurahi. Katika hotuba zake za mwaka 1995 alilitetea Azimio la Arusha, na alikemea rushwa hadharani.

Mwaka 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria hiyo haimkatazi kiongozi kuwa na mali. Inamtaka aitaje. Kila mwaka kiongozi anatakiwa kuandika mali zake na madeni yake. Madiwani wamo katika sheria hiyo.

Mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa kwa mara nyingine. Serikali iliona kwamba limeshindwa kazi. Iliwekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Lakini safari hii Tume ilikuwa ya muda. Mwaka 2000 madiwani waliochaguliwa walirudi, na Ilala, Kinondoni na Temeke zikawa na halmashauri zao. Mwaka 2021 Ilala ilipandishwa hadhi ikawa jiji. Kariakoo imo humo.

Mwalimu hakuyaona hayo ya mwaka 2000. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999. Mwili wake uliletwa nyumbani. Watu wengi sana walijipanga barabarani Dar es Salaam kumwaga. Alizikwa Butiama. Aliitawala nchi kwa miaka zaidi ya 20, lakini hakufa tajiri.

11. Tunajifunza nini?

Maisha ya Mwalimu yanatufundisha mambo mawili, na yote mawili yanahitajika.

Jambo la kwanza: kiongozi aanze na nafsi yake. Ukimkataza mwenzako, jikataze kwanza. Mwalimu alipunguza mshahara wake kabla ya kuandika miiko ya wengine.

Jambo la pili: wema wa kiongozi hautoshi. Mwalimu alikuwa mwadilifu, na miiko aliyoiweka ilikuwa mizuri. Hata hivyo, mabaraza yalipovunjwa, mwananchi alipoteza mahali pa kuulizia, na mambo yakaharibika. Miiko bila mwananchi wa kuuliza ni kama jembe bila mpini.

Leo mahali pa kuulizia papo. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila kijiji kina Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Si wanaume tu, wala si wenye mali tu. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, nayo inawajibika kwa mkutano huo. Mkutano hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mji, watu wana mkutano wa mtaa.

Katika mkutano uliza mambo haya bila woga na bila matusi. Tulikusanya kiasi gani? Tulitumia kiasi gani, na kwa kazi gani? Stakabadhi ziko wapi? Je, kuna mjumbe aliyepewa kazi ya kulipwa na halmashauri yake mwenyewe? Kilichobaki ni kiasi gani, na kiko wapi?

Zamani mtu asiyejua kusoma aliambiwa hesabu ni nzuri, akapiga makofi. Wewe sasa unajua kusoma. Ombi la kuona daftari si dharau kwa mwenyekiti. Mwenyekiti mwaminifu hufurahi, kwa sababu daftari ndilo shahidi wake. Asiye mwaminifu ndiye hukasirika.

Basi mkutano ujao ukiitishwa, usikae nyumbani. Nenda na kalamu yako.

Maneno ya kukumbuka

miiko – mambo ambayo mtu amekatazwa kuyafanya
diwani – mtu aliyechaguliwa kuwakilisha kata katika baraza
hisa – sehemu ya mali ya kampuni ambayo mtu ameinunua
stakabadhi – karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimepokewa
kuwajibika – kuwa tayari kueleza kazi yako na kubeba kosa lako
maadili – mwenendo mwema unaotakiwa

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Mwalimu aliacha kazi ya ualimu mwaka 1955?
2. Taja miiko mitano ya viongozi iliyowekwa mwaka 1967.
3. Bibi Titi alijiuzulu kwa sababu ya nyumba zake. Wewe ungefanya nini? Toa sababu.
4. Kwa nini huduma za miji zilidhoofika baada ya mabaraza kuvunjwa?
5. Mara ya mwisho hesabu za kijiji chenu zilisomwa lini mbele ya watu? Kama hazijasomwa, darasa lenu linaweza kufanya nini?
6. Andika sentensi tatu ambazo ungependa kumwuliza mwenyekiti au diwani wako katika mkutano ujao.